Mlo wa Mimea Pekee katika Mgahawa wa Kibrazili wa Jadi

Mgeni aliyezoea kusikia kwamba Brazili ni nchi ya nyama choma huingia katika mgahawa wa nchi hiyo akiwa ameshakata tamaa, hasa ikiwa ni vegani, yaani mtu asiyekula chochote kitokanacho na mnyama, iwe nyama, samaki, mayai, maziwa au asali. Hata hivyo, sahani ya kila siku ya Mbrazili hujengwa juu ya wali, maharage, muhogo na mboga za majani, na nyama huwekwa kando yake. Kipande cha nyama kinachoonekana hakimsumbui vegani, kwa sababu anaweza kukikataa. Kinachomsumbua ni mafuta ya nguruwe yaliyokaangiwa vitunguu, soseji iliyochemshwa pamoja na maharage kisha ikaondolewa, na siagi iliyochanganywa na unga wa muhogo, ambavyo havionekani wala haviandikwi kwenye menyu. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika na sufuria zaidi kuliko menyu.

Chagua mgahawa kwanza

Ikiwa una uhuru wa kuchagua, nenda mchana katika mgahawa wa kupima kwa kilo, ambao kibao chake huandikwa "por quilo" au "self-service". Migahawa ya aina hii imejaa katika miji yote ya Brazili, na ndiyo inayolisha wafanyakazi wa ofisini na wa madukani wakati wa chakula cha mchana. Mteja huchukua sahani, hujipakulia mwenyewe kutoka kwenye meza ndefu ya saladi na vyakula vya moto, kisha sahani huwekwa juu ya mizani, uzito wake huondolewa, na kinacholipiwa ni chakula tu. Mwishoni mwa mizani utapewa karatasi au kadi inayoitwa "comanda", ambayo huandikwa kila ulichochukua. Itunze, kwa kuwa ndiyo utakayolipia mlangoni, na kuipoteza huleta mabishano ambayo mgeni asiyejua Kireno hawezi kuyashinda.

Faida ya mgahawa huu kwa vegani ni kwamba anaona kila kitu kabla ya kukigusa, na hakuna mpishi anayelazimika kubadili chochote kwa ajili yake. Zungukia meza yote mara moja ukiwa mikono mitupu, soma vibao vidogo vilivyowekwa mbele ya kila bakuli, ndipo uchukue sahani. Fika mapema, mara tu chakula kinapotolewa, kwa sababu kadiri saa zinavyokwenda ndivyo miiko inavyohamishwa kutoka bakuli moja kwenda jingine, na mwiko uliotoka kwenye kitoweo cha nyama huishia kwenye boga. Kumbuka pia kwamba katika migahawa mingi ya namna hii bei ya kilo ni moja kwa vyakula vyote. Anayejaza sahani kwa wali na boga hulipa sawa na aliyechukua samaki wa bei ghali, kwa hiyo sioni ubaya wa vegani kujitendea haki kwa kuchukua zaidi uyoga, maharage, korosho zilizonyunyizwa kwenye saladi, na "palmito", yaani moyo laini wa kilele cha miti ya jamii ya mnazi, ambao Wabrazili huula kama saladi na ambao sokoni una bei kubwa kuliko mboga nyingine.

Katika mabakuli ya moto mara nyingi utakuta pia "carne de soja" au "proteína de soja", chembe za soya zilizopikwa kwa nyanya na vitunguu kama nyama ya kusaga, jambo lisiloshangaza katika nchi inayoongoza duniani kwa kilimo cha soya. Chembe zenyewe hazina tatizo. Ukiona zimepikwa kwa jina la "estrogonofe", ziache, kwa kuwa mchuzi huo hutiwa malai ya maziwa.

Mgahawa wa nyama choma, "churrascaria", ndio ambao wageni wengi hupelekwa na wenyeji wao, na ndio unaopatikana zaidi nje ya Brazili, kuanzia Dubai hadi Nairobi. Asili yake ni kusini mwa nchi, hasa jimbo la Rio Grande do Sul lenye wafugaji wa ng'ombe. Katika utaratibu uitwao "rodízio", wahudumu huzunguka na nyama zilizochomekwa kwenye vyuma virefu na kumkatia mteja mezani pake bila kikomo, mpaka ageuze kadi yake kutoka upande wa kijani kwenda upande mwekundu. Vegani akikaa hapo bila kusema neno atalipia nyama zote ambazo hakuzila. Kabla ya kuketi, muulize mhudumu kama kuna bei ya meza ya saladi peke yake, kwa maneno haya: "Tem preço só do buffet?" Nyumba nyingi zinayo, na huwa nafuu kwa kiasi kikubwa. Meza hiyo katika churrascaria nzuri ni tajiri kushinda ya migahawa mingi ya mboga: palmito, biringanya zilizoungwa kwa siki na mafuta ya zeituni, mbegu za kunde zilizochanganywa na vitunguu, viazi sukari, matunda, na kachumbari ya nyanya na vitunguu ambayo huko huitwa "vinagrete". Jihadhari na saladi ya viazi, kwa kuwa karibu wakati wote ina mayonesi ya mayai. Na ugali wa mahindi uliokatwa vipande na kukaangwa, "polenta frita", ambao hunyunyiziwa jibini. Na ndizi iliyoandikwa "à milanesa", ambayo hupitishwa kwenye yai kabla ya kukaangwa. Wahudumu hupitisha pia nanasi lililochomwa kwa mdalasini, tunda tamu kweli kweli, lakini limechomwa kwenye moto uleule na mara nyingine kukatwa kwa kisu kilekile, na hapo kila mtu aamue mwenyewe mpaka wake uko wapi.

Chakula cha bei ndogo kuliko vyote ni "prato feito", sahani iliyokwisha kupangwa yenye wali, maharage, saladi, viazi vya kukaanga na kipande cha nyama. Unaweza kuomba nyama ibadilishwe: "Pode trocar a carne por mais legumes?" Ukisema tu kwamba hutaki nyama, karibu bila shaka utaletewa yai la kukaanga badala yake, kwa nia njema kabisa.

Siku ya wiki ina maana yake

Katika migahawa ya jadi ya São Paulo, kila siku ina chakula chake, na desturi hii inafuatwa kwa uaminifu hata mtu anaweza kujua leo ni siku gani kwa kutazama ubao wa nje. Jumatatu ni "virado à paulista", maharage yaliyosongwa kwa unga na kuambatana na nguruwe na yai. Jumanne kwa kawaida ni utumbo wa ng'ombe. Jumatano na Jumamosi ni "feijoada", maharage meusi yaliyopikwa na viungo mbalimbali vya nguruwe. Alhamisi ni makaroni, na Ijumaa ni samaki. Kwa vegani, siku ya makaroni inaonekana kuwa ya nafuu, lakini makaroni mengi ya Brazili, hata yale makavu ya pakiti, hutengenezwa kwa mayai. Uliza kama ni "massa sem ovo" iliyoungwa kwa nyanya tupu. Ajabu ni kwamba siku za feijoada zinaweza kumfaa kuliko Alhamisi, kwa sababu sahani hiyo huja na vyakula vingi vya pembeni, kama nitakavyoeleza.

Tangu mwaka 2009 Chama cha Walaji Mboga cha Brazili, SVB, kilichoanzishwa mwaka 2003, kimekuwa kikiendesha kampeni ya Jumatatu bila nyama, "Segunda Sem Carne", na baadhi ya migahawa hupika chakula cha mimea siku hiyo. Brazili pia ina Waadventista Wasabato wengi, na baadhi ya migahawa ya mboga katika miji mikubwa ni yao. Msomaji anayewafahamu Wasabato wa kwetu hatahitaji kuelezwa kwa nini atakuta milango imefungwa Jumamosi mchana.

Maharage: hapo ndipo pa kuuliza

Anayetaka kula vizuri Brazili bila mnyama sharti aelewe jinsi maharage, "feijão", yanavyopikwa. Huchemshwa katika sufuria ya presha mpaka yalainike. Kisha kitunguu saumu na kitunguu maji hukaangwa pembeni, upawa mmoja wa maharage hupondwa ndani ya vitunguu hivyo, na mchanganyiko wote hurudishwa kwenye sufuria ili mchuzi uwe mzito. Kilichotumika kukaangia ndicho kinachoamua. Jikoni nyingi za mijini hutumia mafuta ya soya, na maharage hayo hayana kasoro. Nyingine huanza kwa vipande vya bekoni, au hutupia ndani soseji za nguruwe za "calabresa" au "paio", au "carne seca", yaani nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Katika jimbo la Minas Gerais, ambalo Wabrazili wenyewe hulisifu kwa mapishi, wapishi wa mtindo wa zamani bado hutumia "banha", mafuta ya nguruwe, si kwa maharage tu bali hata kwa wali na mboga. Msomaji asiyekula nguruwe kwa sababu ya dini atakuta maswali ya sehemu hii yanamfaa vilevile.

Swali lenyewe ni hili: "O feijão leva carne, bacon ou banha?" Lisiulizwe kwa namna ya "kuna nyama?" pekee, kwa sababu kwa Wabrazili wengi neno "carne" humaanisha nyama nyekundu, na mhudumu anaweza kukujibu kwa moyo safi kwamba hakuna nyama huku akijua kuna bekoni, kuku au kipande cha hamu, yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Jibu jingine la kuliangalia ni lile la kusema kwamba nyama ipo kidogo tu na itaondolewa kwa kijiko. Shukuru, kisha uyaache maharage hayo. Katika mgahawa wa kilo mara nyingi kuna sufuria mbili za maharage, moja tupu na moja yenye nyama, kwa hiyo swali moja linaweza kukuokoa na sahani kavu.

Rangi ya maharage hubadilika kulingana na mahali: meusi Rio de Janeiro, ya kahawia yenye michirizi São Paulo, na kunde mbichi au kavu kaskazini-mashariki. Vyakula vingine vya maharage huna haja hata ya kuviuliza. "Feijão tropeiro" na "tutu" vya Minas hujaa soseji, mayai na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, na "baião de dois", wali uliochanganywa na kunde, huwa na jibini na nyama kavu. Feijoada ya mimea ipo, hupikwa kwa tofu iliyotiwa moshi, boga, karoti na uyoga, nayo huandikwa wazi "feijoada vegana". Isipoandikwa hivyo, haipo.

Tazama sasa yale yanayoizunguka feijoada. Huja na wali mweupe, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, vipande vya chungwa, unga wa muhogo na vinagrete. Ukipata maharage tupu ya kuweka katikati, una mlo kamili, wa kienyeji, na wa bei ndogo. Muulize mhudumu kama unaweza kuagiza vyakula hivyo vya pembeni peke yake: "Posso pedir só os acompanhamentos?" Wali mweupe, "arroz branco", hukaangwa kwa kitunguu saumu na mafuta kabla ya kutiwa maji, na mara nyingi uko salama, isipokuwa jiko linalotia vipande vya supu ya kuku vya viwandani. Wali wenye jina la ziada ni wa kuogopwa: "à grega" mara nyingi una hamu, na "carreteiro" ni wali wa nyama.

Muhogo, sukuma wiki na nyanya chungu

Muhogo una majina matatu na yote utayakuta kwenye menyu: "mandioca" katika maeneo mengi ya kusini na kati, "aipim" Rio, na "macaxeira" kaskazini-mashariki. Uliochemshwa na uliokaangwa wote hufaa, mradi usimwagiwe siagi ya kimiminika, "manteiga de garrafa", wala kunyunyiziwa jibini. Unga wake uliokaangwa huitwa "farofa", na Mbrazili huunyunyizia karibu kila kitu. Farofa ya mgahawani ni mtego, kwa kuwa hukaangwa kwa siagi au bekoni na mara nyingi huvunjiwa yai. Omba badala yake unga mkavu ambao haujakaangwa, "farinha de mandioca", ambao katika migahawa ya jadi huwa mezani tayari ndani ya kichupa au bakuli. Ladha yake ni ya chini, ila ukichanganywa na mchuzi wa maharage hukolea. Mchuzi mzito uitwao "pirão", ambao kwa macho unafanana na uji wa muhogo, hutengenezwa kwa supu ya samaki.

Sukuma wiki, "couve", hukaangwa kwa haraka sana kwenye moto mkali pamoja na kitunguu saumu, na Minas Gerais huipika kuliko mahali popote. Uliza kama imepikwa kwa mafuta ya kawaida: "A couve é refogada no óleo ou na banha?" Bamia, "quiabo", hupikwa mara nyingi na kuku, lakini mgahawa wa Minas unaweza kukutolea bamia tupu za kukaanga. Usipite bila kujaribu "jiló", ambayo ni nyanya chungu hasa, ileile ngogwe ya masokoni kwetu, iliyovuka bahari kutoka Afrika. Hukatwa vipande na kukaangwa mpaka ikauke, na Wabrazili wenyewe wamegawanyika kati ya wanaoipenda na wasiotaka kuiona.

Asubuhi, kaskazini-mashariki, kuna vyakula viwili vinavyoweza kuwa kifungua kinywa chako. "Cuscuz" ya huko ni unga wa mahindi uliolowanishwa na kupikwa kwa mvuke; yenyewe ni mahindi, maji na chumvi tu, ila huletwa ikiwa na siagi na yai juu, kwa hiyo useme mapema "sem manteiga, sem ovo". "Tapioca" ni chapati nyeupe ya wanga wa muhogo inayopikwa juu ya kikaango kikavu mbele yako, na ukiiomba iwe na nazi iliyokunwa bila maziwa mazito ya kopo, "com coco, sem leite condensado", umepata chakula kitamu kisicho na shaka yoyote. Mkate mdogo wa "pão de queijo", ambao kila mtu atakushauri uonje, umetengenezwa kwa jibini, mayai na maziwa.

Bahia, ambako vyakula vitaonekana kuwa vya nyumbani

Jimbo la Bahia na mji wake mkuu, Salvador, ndiko mapishi ya Kibrazili yalikobaki karibu zaidi na Afrika, na ndiko mlaji wa mimea hupata furaha kubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Msingi wa jiko hilo ni mawese, "azeite de dendê", pamoja na tui la nazi, kunde, bamia, karanga na korosho, vitu ambavyo mpishi wa Pwani au wa Kigoma angevitambua kwa harufu tu. Hatari ni kamba wakavu, ambao husagwa na kutiwa katika vyakula vingi kama kiungo, hivyo mlaji hawaoni.

Anza na "acarajé", bajia kubwa ya kunde zilizomenywa maganda, zikasagwa na vitunguu na chumvi, kisha zikakaangwa ndani ya mawese. Asili yake ni Afrika Magharibi, na wanawake wanaoiuza barabarani wakiwa wamevaa magauni meupe wanaheshimiwa kiasi kwamba mwaka 2005 kazi yao iliandikishwa na IPHAN, taasisi ya serikali ya urithi wa taifa. Bajia hiyo hupasuliwa katikati na kujazwa "vatapá", rojo ya mkate, karanga, korosho, nazi na kamba wakavu, "caruru", bamia zenye kamba wakavu, kachumbari, pilipili, na kamba wazima juu. Agiza hivi: "Um acarajé só com salada e pimenta, sem vatapá, sem caruru e sem camarão." Mwuzaji atakuangalia kwa huruma kidogo, kisha atakupa. Kabla ya hapo muulize kama mchanganyiko wenyewe una kamba, "A massa leva camarão?", kwa sababu ingawa desturi ni kunde, vitunguu na chumvi, kila mwuzaji ana mkono wake. Ndugu yake, "abará", hupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, lakini mara nyingi kamba huchanganywa humo humo, na kwa hiyo simshauri vegani aihangaikie.

"Moqueca" ni kitoweo cha samaki kwa nazi na mawese, kinachopikwa katika chungu. Migahawa mingi sasa hupika moqueca ya ndizi za kupika, "banana-da-terra", au ya palmito, na katika jimbo jirani la Espírito Santo moqueca ya ndizi ni kitoweo cha pembeni cha zamani, kinachopikwa bila mawese wala nazi. Hakikisha mchuzi haukuongezwa supu ya samaki: "Leva caldo de peixe?" Farofa ya mawese, "farofa de dendê", mara nyingi ni unga, mawese na kitunguu tu, na hapo unaweza kujipa farofa uliyonyimwa kwingine. Kuna pia "feijão de leite", maharage yaliyopondwa na kupikwa kwa tui, ambayo Mswahili atayajua mara moja, ingawa ya Bahia hutiwa sukari na huliwa na samaki, hasa wakati wa Juma Kuu. Ijumaa ndiyo siku ambayo migahawa ya Salvador huandaa vyakula hivi vya mawese kwa wingi.

Kaskazini, katika bonde la Amazon, uwanja ni mwembamba zaidi. Mgeni kutoka Afrika Mashariki ataona "maniçoba" ya Belém na kudhani amepata kisamvu, naye hatakuwa amekosea kuhusu majani, ambayo husagwa na kuchemshwa kwa takriban siku 7 ili sumu yake iishe. Ila hupikwa na nyama nyingi za nguruwe. Supu ya "tacacá" huwa na kamba wakavu. Kilicho salama huko ni matunda, muhogo, na "açaí" halisi isiyotiwa sukari, yaani rojo la matunda ya mti wa jamii ya mnazi, ambayo wenyeji huila na unga wa muhogo. Kwingineko nchini açaí huuzwa ikiwa imegandishwa na kutiwa sukari, na vinavyonyunyizwa juu yake, yaani maziwa ya unga, maziwa mazito na granola yenye asali, ndivyo vya kukataa.

Namna ya kusema

Mijini neno "vegano" linajulikana. Katika utafiti wa maoni uliofanywa na IBOPE mwaka 2018, asilimia 14 ya Wabrazili walijitambulisha kuwa hawali nyama, na wahudumu wengi wamekwisha kukutana na wateja wa aina hiyo. Katika miji midogo usilitegemee neno hilo peke yake. Matamshi ya Kireno cha Brazili ni magumu kwa mgeni, kwa hiyo nashauri maelezo yaandikwe kwenye simu au karatasi na kupelekwa moja kwa moja jikoni: "Sou vegano. Não como nenhum tipo de carne, nem frango, peixe, camarão, presunto, ovo, leite, queijo, manteiga, banha ou mel. Posso comer arroz, feijão sem carne, mandioca, verduras, legumes e frutas." Mwanamke aandike "vegana". Sentensi ya mwisho, inayotaja unavyoweza kula, ina thamani kuliko ile ya makatazo iliyoitangulia, kwa sababu mpishi aliyesomewa orodha ya makatazo huchanganyikiwa, ilhali aliyetajiwa vitu ambavyo tayari anavyo jikoni huanza kupanga sahani.

Usikubali "sem lactose" kuwa jibu. Maneno hayo yanamaanisha kwamba sukari ya maziwa imevunjwa, na maziwa yenyewe bado ni ya ng'ombe. Kwa vyakula vya pakiti, sheria za Brazili hulazimisha onyo la vizio, yaani vitu vinavyosababisha mzio, kuandikwa kwenye lebo, kwa hiyo tafuta mstari unaoanza na "ALÉRGICOS: CONTÉM" na uangalie kama umetaja "leite" (maziwa), "ovos" (mayai) au "crustáceos" (kamba na jamii yake).

Kuhusu mafuta ya kukaangia, migahawa midogo hutumia karai moja kwa viazi, muhogo, kuku na "pastel", ile sambusa bapa ya Kibrazili. Hata pastel iliyojazwa palmito huwa na jibini laini mara nyingi, na unga wake unaweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Anayekwepa mafuta yaliyochanganyika aagize muhogo wa kuchemsha.

Vitamu na vinywaji

Vitamu vingi vya Brazili hutegemea maziwa mazito ya kopo au viini vya mayai, kuanzia "brigadeiro" na "pudim" hadi "quindim", na hakuna namna ya kuvirekebisha. Vinavyobaki ni vile vya mtindo wa kale: "goiabada", yaani mapera yaliyopikwa na sukari mpaka yakakatika kwa kisu, ambayo uyaombe bila jibini, "paçoca", karanga zilizosagwa na kukandamizwa kwa sukari, "pé de moleque", ambayo ni kashata ya karanga, na "cocada", kashata ya nazi. Hivi viwili vya mwisho siku hizi hutengenezwa pia kwa maziwa mazito, na dalili yake ni ulaini, iliyo ngumu na yenye kung'aa kwa kawaida ni sukari tupu, lakini uliza, "Leva leite condensado?" Mwezi wa Juni, wakati wa sherehe za Mtakatifu Yohana, vitamu vya karanga na mahindi hujaa kila mahali, na kusini huuzwa "pinhão", mbegu za msonobari wa huko, zilizochemshwa kwa maji na chumvi.

Maji ya dafu na juisi ya miwa havina utata. Juisi ya matunda iitwe "suco", na useme "com água", kwa kuwa baadhi yake huchanganywa na maziwa. Kinywaji kilichoandikwa "vitamina" kwa kawaida kina maziwa, na parachichi huko hunywewa kwa namna hiyo. Kahawa ya mwisho wa mlo, "cafezinho", huletwa nyeusi katika kikombe kidogo, mara nyingi ikiwa tayari na sukari, na katika migahawa mingi ya kilo huwa kwenye chupa ya chai karibu na mlango, bure, ili ujimiminie ukiwa njiani kwenda kulipa comanda yako.